Kanda ya Nyundo Bendi Ilivyonadiwa Malindi

Malindi, Lushoto
13 Machi 1994

Kwako Baba Mdogo Kristian,

Shikamoo. Leo ni Jumapili, tumetoka kanisani, na kabla sijashika kalamu nimejiwekea ahadi kwamba nitakueleza kila kitu jinsi kilivyotokea, hata yale yatakayokuudhi. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema barua inayoficha mambo ni afadhali isitumwe, maana stempu yake ni ile ile.

Sisi hapa ni wazima. Bibi anasumbuliwa na goti, hasa asubuhi ukungu ukiwa chini, lakini bado anakwenda shambani mwenyewe na hataki kushikwa mkono. Mama anakusalimu. Ng'ombe amezaa ndama jike. Masika yameanza na maharage tumeshapanda, isipokuwa kile kipande cha juu karibu na msitu. Mimi sasa niko kidato cha pili. Baba ni mzima pia.

Kanda uliyotuma ilifika salama kwa mkono wa dereva wa basi, na ninakushukuru sana. Nilishangaa kuona bahasha ina jina langu, Loveness Danieli, kwa sababu kanda zote za Nyundo Bendi zilizowahi kufika nyumba hii zilikuja kwa jina la Baba. Baba aliitazama bahasha, akaigeuza, akanirudishia.

Sasa jambo lenyewe. Unawajua Wana-Nyundo, mashabiki wenu wa hapa. Mlipokuja kupiga Lushoto mjini mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni, na mpaka leo wanasimulia jinsi mabati ya ukumbi yalivyotikisika hadi watu wakatoka nje wakidhani ni tetemeko. Tangu siku ile wanazitunza ovaroli zao za bluu, kama zenu za kile kiwanda cha chuma chenye bendi, na wanazivaa wakikutana kusikiliza kanda zenu. Habari ziliposambaa kwamba imekuja kanda mpya baada ya miaka yote hii, walijaa dukani kwa Abdallah fundi cherehani, kwa kuwa redio yake ndiyo kubwa kuliko zote kijijini. Paskali, yule mfanyabiashara wa viazi, alivaa ovaroli yake ingawa haifungi tena tumboni. Baba alikuja. Mimi niliruhusiwa kwa sababu kanda ni yangu.

Gitaa lako lilipoanza kunguruma wote walishangilia. Kisha tukasubiri ngoma. Mimi nilikuwa namtazama Baba kuliko wengine, kwa sababu katika kanda zote za zamani ngoma ile iendayo mbio ni mikono yake, kabla hajaacha bendi na kurudi kulima. Ngoma ikapigwa mara moja, kwa uzito, halafu kimya. Tukasubiri tena. Paskali alikuwa ameshainua mguu kucheza, akabaki ameuning'iniza.

Abdallah akasema betri zinakufa. Akazitoa, akazianika kidogo juani, akazirudisha. Wimbo ukaenda vilevile. Akafungua betri mpya. Vilevile. Mtu mmoja akasema siku hizi za ruksa ya kuingiza kila kitu nchini betri za nje ni maganda matupu, basi wakaenda kuazima nyingine kwa jirani. Mwisho wakaweka kanda yenu ya zamani, ikakimbia kama kawaida. Wakarudisha mpya, ikatembea. Hapo ndipo walipoelewa kwamba ndivyo mlivyopiga.

Paskali alisema, "Huu si muziki wa Nyundo. Huu ni msiba wa mashine."

Watu walicheka, lakini si kicheko cha furaha. Mwingine akasema mmezeeka, mkae mlee wajukuu. Walipogeuza upande wa pili na kukuta ni wimbo mmoja tu tangu mwanzo mpaka mwisho, wakaanza kuondoka mmojammoja. Baba ndiye aliyetangulia. Alisema anakwenda kumkatia ng'ombe majani, na mimi nilijua majani aliyakata tangu asubuhi.

Wamenituma nikuandikie. Wanataka mje mpige Lushoto mwezi wa Desemba. Wao watatafuta ukumbi na chakula, kwa sharti moja, kwamba mpige nyimbo za zamani tu. Nimetumwa na nimefikisha. Ya kwangu mwenyewe ni haya: ninataka uje. Bibi hajakuona tangu nilipokuwa darasa la pili, na kila basi la Tanga likipiga honi barabarani huacha anachofanya.

Naomba pia uniambie mambo mawili. Je, mlipunguza mwendo kwa makusudi? Na nani anapiga ngoma siku hizi?

Mtoto wako,
Loveness


Tanga
17 Aprili 1994

Mwanangu Loveness,

Marahaba. Barua yako imenifikia, na mwandiko wako umewatia aibu wenzangu wote wa bendi. Mfikishie mama yangu shikamoo yangu, umwambie goti alipake mafuta ya nyonyo na asibishane nalo. Shemeji Marta msalimie. Kaka mpe shikamoo. Hapa Tanga joto limepungua kidogo, embe zimekwisha, na nguo za mitumba zimejaa mpaka mlangoni kwa Jafari, yule wetu wa gitaa la besi, ambaye sasa anaziuza.

Waambie Wana-Nyundo betri zao ni nzima. Tumepiga hivyo kwa makusudi. Hatukulewa, hatukuugua, na mashine ya kurekodia haikuharibika. Anayetaka nyimbo za zamani anazo kanda za zamani, azisikilize mpaka utepe uishe. Mimi nilizipiga nilipokuwa kijana mwenye haraka ya kufika mahali ambapo sikupajua. Sasa sina haraka.

Sharti lao silikubali. Nikija nitapiga kanda mpya, yote, upande wa kwanza na wa pili. Wasipoitaka sitakuja, na hakuna atakayekuwa amemkosea mwenzake.

Kanda ni yako. Isikilize ukiwa peke yako, halafu uniambie unaonaje wewe, usiniambie ya Paskali. Tangu shule ya msingi Paskali anacheza nje ya mapigo.

Soma kwa bidii.

Baba yako mdogo,
Kristian


Malindi, Lushoto
29 Mei 1994

Kwako Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini hujambo pamoja na wenzako. Bibi amepaka mafuta ya nyonyo na amebishana nalo goti vilevile. Ndama anakua, tumemwita Ruksa kwa sababu anaingia kila shamba. Mvua ilikuwa kubwa na barabara ya Mombo ilikatika kwa udongo, ndiyo maana barua yako ilichelewa na yangu pia.

Niliwasomea Wana-Nyundo majibu yako dukani kwa Abdallah. Nilisoma yote, hata ile ya Paskali kucheza nje ya mapigo, kwa kuwa niliahidi kutoficha. Abdallah alicheka mpaka akatoboa kidole kwa sindano. Paskali hakucheka. Alisema mtu akifanikiwa mjini huanza kuwadharau waliompigia makofi. Walikubaliana kwa sauti moja kwamba sharti linabaki. Kama ni kanda mpya, msije.

Nyumbani, Baba amekataza kanda hiyo isipigwe. Hakugomba. Alisema tu hataki kuisikia ndani ya ua wake. Mama alipomuuliza kosa la kanda ni nini, alijibu kwamba ngoma ile imepigwa na mtu asiyejua ngoma, akatoka. Nilikuuliza nani anapiga, hukunijibu. Huenda ulisahau.

Basi nimekuwa naisikiliza kwa Abdallah nikitoka shule, wakati anapodarizi na hakuna wateja. Mwanzoni, nakwambia kweli, sikuipenda. Nilikuwa naisubiri kama mtu anayemsubiri mgonjwa avuke barabara. Lakini wiki iliyopita nilitumwa viazi shambani bondeni. Unakijua kile kilima cha kurudi, unapobeba kapu kichwani na udongo umelowa. Hakuna anayekipanda mbio. Unaweka mguu, unatulia mpaka ushike, ndipo unainua wa pili. Nilipofika katikati niligundua kwamba nauimba wimbo wa upande wa pili, na kwamba kila ngoma ilikuwa inaangukia palepale mguu wangu ulipokuwa unakanyaga. Sikupumzika njiani kama kawaida yangu. Nilifika juu wimbo bado haujaisha, nikasimama uani na kapu kichwani mpaka ukaisha.

Tangu hapo nimeelewa. Nyimbo zenu za zamani ni za watu wanaoteremka. Hizi ni za watu wanaopanda. Sijui kama ndivyo ulivyokusudia, lakini umeniomba nikuambie ninaonaje, na mimi ninaona hivyo. Tafadhali usikate tamaa na Desemba.

Wako,
Loveness


Tanga
10 Julai 1994

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa. Salamu kwa wote, kwa mama hasa.

Ulichoandika juu ya kilima nilikisoma nikiwa nimesimama posta, nikakaa kwenye ngazi kukisoma tena. Niliwasomea Jafari na Juma mwimbaji wetu. Juma alisema msichana huyo apewe bendi.

Lakini sitaki uendelee kupigana na watu wazima kwa ajili yangu. Mwenye duka aliyechukua kanda zetu amerudisha maboksi. Anasema wateja wanataka nyimbo za Kizaire, au wanataka Nyundo ile ya zamani. Wanasema Dar kuna redio za watu binafsi zinaanza, huenda wao wakazipiga, huenda wasizipige. Hoteli moja ya hapa inatafuta mpiga gitaa wa kupiga polepole watu wakila. Wamenipa mpaka mwisho wa Septemba nijibu. Wana gitaa lao, hivyo hili langu limeshapata anayelitaka.

Nyimbo za zamani sizipigi. Hilo halijabadilika. Ila kama hata Malindi, nilikozaliwa, hawataki kusikia nilichokifanya nikiwa na akili zangu timamu, sioni nitaupeleka wapi muziki huu.

Usimwambie bibi yako habari ya gitaa.

Kristian


Malindi, Lushoto
7 Agosti 1994

Kwako Baba Mdogo,

Shikamoo. Bibi hajambo, na sikumwambia habari ya gitaa. Mama hajambo. Maharage yametoka vizuri mwaka huu, na leo imekuwa sikukuu ya mavuno. Naandika haraka kabla sijasahau hata neno moja, na nakuomba usijibu hoteli kabla hujaisoma barua hii mpaka mwisho.

Baba alikataza kanda isipigwe ndani ya ua wake. Hakusema lolote juu ya kanisani. Nililifikiria jambo hili wiki nzima, nikaona simvunjii amri. Asubuhi Mama alipojaza kapu la malimbuko, maharage chini na mayai juu, mimi niliichomeka kanda katikati, nikalibeba kapu mwenyewe mpaka madhabahuni.

Desturi yetu unaijua. Kilichofika madhabahuni hakirudishwi nyumbani, lazima kinadiwe siku hiyohiyo baada ya ibada. Mnada ni palepale nje, na watu wote huja, hata Abdallah na majirani Waislamu, kwa sababu majogoo wa mavuno ni wazuri. Mnadishaji ni Mama Efrazia, mzee wa kanisa. Alinadi asali, akanadi kabichi na mkungu wa ndizi, akafika kwenye kapu letu. Akaitoa kanda, akaipuliza vumbi la maharage, akaiinua juu na kuuliza hiki nacho kimelimwa shamba gani.

Watu walicheka sana. Niliinua mkono. Mchungaji akasogea, akaniuliza kwa upole kama nimefanya mzaha na sadaka.

Nilimjibu, "Mchungaji, ulitufundisha kuwa malimbuko ni kitu cha kwanza ulichopata, kilichotoka kwa jasho la nyumba yenu. Hii ni kanda ya kwanza iliyokuja kwa jina langu. Na ni jasho la nyumba yetu."

Akamwambia Mama Efrazia aendelee.

Paskali ndiye aliyetaja bei kwanza. Alitangaza mbele ya wote kwamba anainunua ili autoe utepe wake na kuutandaza shambani ufukuze ngedere, maana kwa kazi hiyo unafaa. Wana-Nyundo wenzake walimpigia makofi. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu sikuwa nimefikiria kwamba anayechukia kitu naye anaweza kukinunua. Mama alinishika bega. Mama Efrazia alikuwa ameshaanza kuita mara ya pili, ndipo Bibi aliposema kutoka kwenye kiti chake kwamba asali imeonjwa na jogoo ameinuliwa miguu, kwa nini hiki kiuzwe bila watu kujua kilivyo. Watu wakasema ni haki. Abdallah akatuma redio yake iletwe, Mchungaji akaruhusu mradi hakuna matusi, na mimi nikaomba wapige upande wa pili.

Sitakudanganya kwamba wote walinyamaza. Vijana walicheka, mtoto mmoja alilia, na mzee wa nyuma aliuliza kama ni lori limekwama. Lakini akina mama walikuwa wamesimama na vitu walivyonunua, wengine wameshatwika mizigo kichwani tayari kwenda. Nikawaona wameanza kuhamisha uzito, mguu huu, mguu ule, bila wao wenyewe kujua. Ngoma ilipopigwa walikanyaga. Ilipolia polepole walisubiri. Hakuna aliyewafundisha.

Mama Efrazia alikuwa wa kwanza kusema. "Huu ni mwendo wa kutoka bondeni na kuni zilizolowa." Kisha akamgeukia Paskali. "Wewe mgosi, mwanamume, utaujulia wapi? Viazi vyako vinapandishwa na lori."

Waliocheka safari hii walikuwa wanawake. Halafu wakaanza kutaja bei. Mama Klara, mmoja wa waliotwika mizigo, aliinunua, na kwa desturi yetu akairudisha inadiwe tena kwa faida ya kanisa. Paskali akapandisha, mwingine akampita, ikanunuliwa na kurudishwa tena. Mchungaji alifurahi kuliko ilivyo kawaida ya wachungaji.

Baba alikuwa amesimama peke yake kwenye ua wa michongoma, mikono nyuma. Mimi niliweza kuiona mikono yake kwa kuwa nilikuwa pembeni. Tangu wimbo ulipoanza kidole chake kilikuwa kinagonga kiganja, na kila baada ya mapigo kadhaa kilisimama, kama mtu anayesikia kosa. Paskali alipotaja bei yake ya mwisho, Baba akataja yake, mara moja tu, kubwa kiasi kwamba hakuna aliyemjibu. Mama Efrazia akamkabidhi. Watu wakasubiri airudishe kama wengine. Hakuirudisha. Aliitia mfukoni mwa koti, akatangulia nyumbani.

Sijui ameinunua aitunze au aizike. Hasemi, na mimi sithubutu kuuliza. Ndiyo maana nakuuliza wewe kwa mara ya tatu, na sasa nadhani nina haki ya kujibiwa. Nani anapiga ngoma ile?

Mtoto wako,
Loveness


Tanga
11 Septemba 1994

Mwanangu Loveness,

Marahaba, na marahaba tena. Mama yangu mpe shikamoo kwa mikono miwili. Nilipofika mahali aliposema jogoo ameinuliwa miguu, nilisikia sauti yake kabisa.

Una haki ya kujibiwa. Hakuna mpiga ngoma.

Kiwanda kimesimama tangu mwaka jana, kinasubiri mnunuzi. Sisi sote tumepunguzwa. Sikuandika kwa sababu sikutaka mama ajue. Ngoma za bendi ni mali ya kiwanda, kwa hiyo zimefungiwa stoo na kupigwa lakiri pamoja na meza na viti. Magitaa ni yetu wenyewe, hayo tulitoka nayo. Tukabaki bila ngoma na tukiwa na nyimbo. Nje ya uzio kulikuwa na bamba la chuma lililotupwa kwa kuwa lilitoka na mkunjo. Mlinzi alituruhusu tukalibeba. Tulilifunga kwa waya kwenye boriti nyumbani kwa Juma, na anayekuwa na mikono mitupu ndiye anayelipiga.

Bamba halikimbii, mwanangu. Ukilipiga lazima ulisubiri limalize kusema, la sivyo linakufunika wewe na gitaa lako. Mwezi wa kwanza tulilitukana. Baadaye tulianza kulisikiliza, na nyimbo zote zikabadilika. Kwa hiyo ukiniuliza kama tulipunguza mwendo kwa makusudi, jibu ni kwamba walitupunguza wao, halafu sisi tukakataa kupiga kama watu waliopunguzwa.

Jingine ni hili. Mwaka juzi, kabla hawajafunga stoo, nilimtumia baba yako ujumbe kwamba tunataka kurekodi, aje angalau kwa wiki mbili. Hakujibu. Simlaumu, shamba haliachiki hovyo. Lakini walikuwepo vijana wengi wanaojua ngoma, nami sikumchukua hata mmoja. Kiti kile sikutaka akikalie mtu. Ndiyo maana bahasha niliandika jina lako. Niliona nikiandika lake ataona ninamsuta.

Haya usimwambie baba yako.

Hoteli sijaijibu. Gitaa liko hapa ukutani. Kuhusu Desemba, msimamo wangu ni ule ule.

Kristian


Malindi, Lushoto
25 Septemba 1994

Kwako Baba Mdogo,

Shikamoo. Hapa sote ni wazima, na goti la Bibi limepata nafuu kwa kuwa ni kiangazi. Barua hii ninaituma kwa mkono wa dereva wa basi, isilale posta, nawe ninakuomba umpe majibu yeye huyohuyo anaporudi.

Uliniagiza nisimwambie Baba, na sikumwambia. Bibi aliniomba nimsomee barua yako, naye hasikii vizuri, kwa hiyo nilisoma kwa sauti kubwa. Baba alikuwa nyuma ya ukuta akinoa jembe. Kelele za tupa zilikoma nilipofika kwenye lakiri. Kuhusu kiwanda, Bibi alisema alikuwa anajua. Alisema mtoto wake akiwa na kazi huandika kurasa mbili, akiwa hana huandika moja.

Baba aliingia, akakaa kwenye kinu, akaniambia nirudie pale penye bamba. Nikarudia. Akataka tena mahali pa kiti. Nilirudia na hapo. Mama aliacha kuchambua mchicha. Halafu Baba akasema maneno mengi kuliko aliyoyasema mwaka mzima, na mimi ninakuandikia kama alivyosema.

"Ujumbe wake niliupata. Niliitazama mikono hii nikaona imekuwa ya jembe, nikaona haya kwenda kuwaharibia. Halafu kanda ikaja, nikasikia hawakunihitaji."

Bibi alimuuliza, sasa je? Baba alichukua koti lake, akaitoa kanda mfukoni, akaenda nayo kwa Abdallah mchana kweupe, siku ya gulio, mlango ukiwa wazi. Mimi nilimfuata. Aliisikiliza yote, pande zote mbili, amesimama na sikio karibu na spika, na watu waliokuja kushona walisubiri. Alipomaliza alisema bamba limefungwa vibaya. Waya unalibana, ndiyo maana linalia kwa woga na kukatika mwishoni. Anasema mlining'inize kwa kamba ya katani, ndefu, lipate kupumua, na msilipige katikati bali chini ya katikati, kwa nyundo iliyovikwa mpira. Anasema pia kwamba yeyote anayelipiga huwa anawahi. Hawezi kuvumilia kimya.

Habari za Desemba ni hizi. Wana-Nyundo walikutana tena na wakakataa kuondoa sharti. Basi Mama Efrazia amesema kwamba wao wakae na sharti lao, ukumbi na chakula vitashughulikiwa na umoja wa wanawake, na wageni watapiga wanachotaka. Nusu ya Wana-Nyundo wamekwenda kwake kimyakimya kuuliza kama wanaweza kusaidia kubeba viti. Paskali bado. Ametangaza sokoni kwamba atakuja na ovaroli yake na kusimama usiku kucha akiwa amewapa mgongo. Mama Efrazia amemjibu kwamba mgongo nao unalipa kiingilio.

Huenda watu watazomea, Baba Mdogo. Siwezi kukuahidi kwamba hawatazomea. Lakini ukumbi upo, Bibi amekwisha kuchagua kuku, na hakuna mtu hapa aliyekuomba upige wimbo hata mmoja wa zamani. Mimi nimeshawaambia wasichana wa darasa langu, na wale wanaokaa bondeni wamesema watakuja na wataelewa. Waandikie hoteli kwamba una kazi.

Baba amesimama mlangoni tangu nilipoanza ukurasa huu. Amekwisha kununua kamba ya katani, imelala pale kwenye dirisha. Hataki kukuandikia mwenyewe, anasema mwandiko wake ni mbaya. Lakini ameniagiza nikuulize jambo moja, na amesema nisifunge bahasha kabla sijaliandika vizuri. Je, bamba hilo lina upana gani, na litaingia kwenye keria ya basi, au mnataka yeye ateremke Tanga kulifuata?

Loveness